Usifute Meseji: Shangazi wa Vocha Anajibu

Kabla sijapewa safu hii nilikuwa muuza vocha. Kibanda changu kilikuwa nje ya stendi ya Msamvu, Morogoro, upande wa wauza machungwa, na nilikaa pale miaka sita. Baadaye nikakaa mingine minne kwenye kiti cha huduma kwa wateja, hedifoni masikioni, nikisema "samahani kwa usumbufu" mpaka nikawa naisema usingizini. Dirisha la huduma nimeliona kwa ndani na kwa nje. Mwezi huu bahasha imejaa barua za watu wanaoweka hela kwanza ndipo wapige simu, yaani karibu sisi sote.

Shikamoo Shangazi. Mimi nauza samaki wa kukaanga, natumia kitochi. Nikiweka vocha ya 1,000 jioni, asubuhi nakuta 700, keshokutwa 400, wala sijapiga simu. Mwanangu wa darasa la sita kuangalia meseji akakuta za dondoo za mapenzi na za matokeo ya mpira. Mpira siujui, na mapenzi nimeshamaliza. Nimekwenda kwenye duka lao, kijana ananiambia nilijiunga mwenyewe. Nilijiunga lini?
*Mama Samaki, Kilwa Kivinje*

Marahaba mama. Nimecheka hapo kwenye mapenzi, kisha nikaona haya, maana jibu la huyo kijana hata mimi nimelitoa mara nyingi.

Ngoja nikuonyeshe ulivyojiunga. Umesimama jikoni, mikono ina mafuta, simu inalia. Unaitoa kwenye pindo la kanga, kumbe si simu, ni ule ujumbe usiokaa kwenye meseji, unaotokea wenyewe katikati ya kioo: "Pata dondoo kila siku. 1 Kubali." Au mbaya zaidi, hauna namba, una "OK" peke yake. Wewe unachotaka ni kiondoke, mteja wako wa Masoko anasubiri. Unabonyeza kitufe cha katikati. Kimeondoka. Kwa hesabu ya mashine, umekubali kukatwa kila siku mpaka mwisho wa dunia au mwisho wa salio, kimojawapo kitangulie.

Huduma hizi mara nyingi si za mtandao wenyewe. Ni za kampuni nyingine yenye namba fupi, na kinachokatwa kwako wanagawana. Ndiyo maana ukilalamika unaambiwa "hiyo si yetu mama, ni ya mtoa maudhui". Tulifundishwa kusema hivyo. Lakini aliyeshika salio lako ni mtandao, na aliyekata ni mtandao. Ukimwachia mwenye duka funguo ya sanduku lako akamruhusu mtu mwingine achote, hakwambii umtafute huyo mtu.

Kuna mzee mmoja alipiga, sauti ya upole kabisa, akasema salio lake linakwenda kama maji kwenye kapu. Kwenye kompyuta yangu nikaona yote: huduma tano, kila moja na tarehe yake na saa yake ya kujiunga. Mbili zilijiunga saa tisa kasoro usiku. Nikamuuliza, mzee, saa tisa usiku ulikuwa wapi? Akasema, "Mwanangu, mimi saa mbili nimeshalala." Kuzifuta kulinichukua mbonyezo mmoja kwa kila huduma. Kumrudishia hela kulihitaji ruhusa ya msimamizi, fomu, na mimi kueleza kwa nini simu imechukua zaidi ya dakika nne. Unaona mambo yanavyoegemea? Mwenye kuomba kufutiwa anafutiwa hapo hapo. Hela hairudi kwa sababu wengi hawaiombi, nasi tulikuwa hatuwakumbushi.

Kwa hiyo piga 100, ndiyo namba ya huduma kwa wateja hata ukihama mtandao. Usianze kwa kulia, anza kwa kuagiza: nisomee huduma zote zilizo kwenye laini yangu, pamoja na tarehe na saa ya kila moja. Akikusomea, mwanao aandike. Kisha sema zifutwe, kisha sema urudishiwe ulichokatwa, na kabla hujakata simu udai namba ya malalamiko. Bila namba hiyo hukulalamika, ulipiga soga.

Na huyo mtoto asifute meseji hata moja. Mwenye laini ya kulipia baadaye anapata ankara kila mwezi, anakaa na kalamu yake anapitia mstari kwa mstari. Sisi wa kulipia kabla hatuna karatasi yoyote. Ankara yetu ni zile meseji tunazozifuta ili kupata nafasi ya picha za harusi.

Wakikupiga chenga, panda ngazi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ni ya mwaka 2010, na kanuni zake za kumlinda mtumiaji ni za 2018. Anayezisimamia ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Makao yao yako barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, na wana ofisi za kanda Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Huhitaji kusafiri, barua inatosha, yenye ile namba ya malalamiko na nakala ya meseji. Pia kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo watu hulisahau kabisa, nalo limewekwa kwa ajili yetu hasa. Kwa asiyeridhika na uamuzi wa TCRA, lipo Baraza la Ushindani. Kwa 300 za kila siku sikutumi huko, lakini ujue ngazi haiishii dukani kwa yule kijana.

(Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni wezi wa kawaida, hao ni mada nyingine. Namba zao tuma kwenda 15040.)

Nilinunua kifurushi cha wiki cha GB 3. Jumapili saa tano usiku nilikuwa nimebakiwa na GB 1.2, nikalala. Niliamka saa sita na dakika kumi nikanunua kingine kama hicho ili ziungane. Hazikuungana. Na salio la kawaida la shilingi 2,000 nililoweka kwa ajili ya kumpigia mama limekwisha pia. Huu si wizi?
*Mwalimu wa sekondari, Namtumbo*

Mwalimu, una kesi mbili, tuzitenganishe.

Ya kwanza ni GB 1.2. Kifurushi chako kilikufa saa sita kamili, ulipokuja na kipya ulikuta maiti. Kanuni ya kuunganisha inataka ununue kilekile kabla muda haujaisha. Dakika kumi zimekumeza.

Jambo hili lina historia. Kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika hapa Tanzania tarehe 2 Aprili 2021, Ijumaa Kuu. Ndani yake mlikuwa na mema: mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, aweze kumhamishia mwenzake sehemu ya kifurushi, aweze kuendelea na kilichobaki akinunua tena kabla ya muda. Tatizo ni kwamba watu waliamka siku ileile wakakuta bei zimepaa. Kifurushi kilichokuwa kikimtosha mtu wiki nzima, hela ileile sasa inampa cha kuonja. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali iliagiza bei zirudi zilipokuwa. Zikarudi. Katika vurugu hizo yale mema hayakupata wa kuyatangaza. Kwenye menyu ya mtandao wangu mimi, kuhamisha MB kupo, ila lazima ubonyeze namba ya kwenda mbele mara mbili ndipo ukione, chini kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa uani.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Afrika Kusini, mamlaka yao iitwayo ICASA iliagiza tangu 2019 mteja ajulishwe kwenye asilimia 50, 80 na 100, aruhusiwe kuzisogeza mbele MB zilizobaki au kumpa mwingine. Ghana mwaka huohuo Serikali iliagiza kilichobaki kiungane na kifurushi kinachofuata. Kenya, wakili mmoja aliishtaki Safaricom mwaka 2019 kwa suala hilihili, na Oktoba mwaka huo kampuni ikaleta vifurushi visivyo na ukomo wa muda. Sisemi kilitokea kwa sababu ya kesi, nasema vilifuatana.

Kwenye hedifoni tulifundishwa mfano wa basi: kifurushi ni kiti, basi likiondoka kiti hakiwekwi akiba. Kwa kifurushi cha siku cha shilingi 500 nakubali. Umenunua rahisi kwa sababu ni cha chapuchapu, na usiku wa manane mnara uko hapo hapo utumike usitumike. Kwa kifurushi cha mwezi nakataa. Ukimuuzia mtu gunia la mahindi ukamwambia lisipoliwa kufikia tarehe 30 unakuja kuchukua debe lililobaki, huyo mtu hatakuita mfanyabiashara.

Kesi ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo mnayoinyamazia. Kifurushi kilipokufa, simu yako haikulala. Iliendelea kushusha video za kwaya kwenye grupu la ukoo na kujisasisha programu zake, na kila MB ikakatwa kwenye ile 2,000 kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni kali mara nyingi kuliko ya ndani. Afrika Kusini hilo nalo limezuiwa, mpaka mteja akubali kwanza. Kwako dai hili lifikishe 100, ukiwa na meseji mbili mkononi: ya kifurushi kuisha na ya salio lililobaki. Uliza swali moja: ni wapi nilipokubali kukatwa salio la kawaida kwa ajili ya intaneti? Wakikuonyesha, niandikie. Mpaka hapo, zima data unapolala, na hela ya kumpigia mama igeuze dakika mara tu unapoiweka. Dakika haziliwi na video za kwaya.

Naomba kujua, katika 1,000 ninayoweka, ya mtandao ni ngapi na ya Serikali ni ngapi?
*Fundi cherehani, Singida*

Hesabu ya fundi hiyo, inapimwa kwa futi. Kwa viwango vya mwaka 2024, kulikuwa na ushuru wa bidhaa asilimia 17 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18 inayokaa juu ya huo ushuru. Ukirudisha nyuma, huduma yenyewe ni kama shilingi 724, ushuru 123, VAT 153. Ukisikia wauza vocha tumetajirika, kamisheni yetu tunaitafuta ndani ya hiyo 724.

Shangazi, mimi niko Muscat, ni dada wa kazi. Laini yangu ya nyumbani ilikaa kwenye kabati miezi kumi na moja kwa sababu bosi alinipa ya huku. Juzi nimeiweka, haisomi mtandao. Mdogo wangu Tanga akapiga namba yangu, kapokea mwanamume asiyemjua. Kwenye ile laini nilikuwa na vocha kidogo na shilingi 186,000 kwenye akaunti ya simu. Nimepoteza?
*Dada wa Tanga, Muscat*

Pole sana mdogo wangu. Kwanza kaa chini unywe maji, maana ile 186,000 hujaipoteza.

Vocha na hela ya akaunti ya simu ni vitu viwili, ingawa vinakaa kwenye laini moja. Vocha ni huduma uliyolipia mapema, laini ikifa nayo inakufa, hiyo isamehe. Hela ya akaunti ni hela hasa. Kampuni hairuhusiwi kuichanganya na yake. Kwa kila shilingi unayoiona kwenye simu, kuna shilingi iliyowekwa benki kwenye akaunti ya udhamini kwa niaba yenu wateja, na anayeangalia ni Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Namba kupewa mtu mwingine hakumpi hela yako.

Kilichotokea ni kwamba namba ni mali adimu. Laini ikikaa muda mrefu bila matumizi ya kulipiwa, mtandao unaifunga kisha unaigawa upya. Masharti hayo yapo kwenye karatasi iliyokuja na laini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Wewe ambaye laini yako ilikaa tu ndani ya kabati, tena ikiwa imezimwa, ulionekana umekufa.

Tangu usajili wa alama za vidole, ule ambao laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020, laini yako inajulikana kwa NIDA yako (namba ya kitambulisho cha taifa) na kidole chako. Huo ndio ushahidi kwamba akaunti ilikuwa yako. Ukirudi likizo, nenda duka la mtandao wenyewe, usiende kwa wakala wa mwavuli, ukiwa na kitambulisho, ile laini mfu yenyewe (usiitupe!) na kumbukumbu yoyote ya muamala, hata meseji uliyomtumia mdogo wako ukimwambia "nimebakiwa na 186". Kama hurudi karibuni, piga au andika sasa ili dai lako liwe na tarehe.

Jambo moja la haraka zaidi ya hela: namba ile kama umeiunganisha na benki, WhatsApp au kikoba, iondoe leo. Yule mwanamume huenda ni mtu mwema kabisa, lakini namba za siri za benki zinaingia kwake.

Na ninyi wengine mlioko Oman, Dubai na Doha, kila mwezi washeni laini ya nyumbani mtume meseji moja ya kulipiwa. Iwe hata ya "hujambo".

Nimekwangua vocha kwa sarafu, namba nne zimefutika. Muuzaji kakataa kunibadilishia.
*Kondakta, Kibaigwa*

Muuzaji hana kosa, hata mimi ningekataa. Nilikuwa na boksi la vocha zilizokwanguliwa na watu wenye haraka kama wewe, nyingine zimetoboka upande wa pili. Angalia kwenye kadi, kuna mlolongo mwingine wa namba usiofunikwa na ule unga wa kijivu. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho wa vocha. Piga 100, wasomee hiyo pamoja na tarakimu zinazoonekana. Wakikuta haijatumika wanakuwekea. Mara nyingine tumia ukucha.

Nataka kuhama mtandao bila kubadili namba. Wananiambia nitapoteza kila kitu.
*Muuguzi, Bukoba*

Huduma hiyo ipo nchini tangu Machi 2017. Unakwenda kwa mtandao unaouhamia na kitambulisho chako, kisha unatuma neno HAMA kwenda 15080. Usikubali anayekwambia ukaombe ruhusa kwa mtandao unaouacha, ruhusa hiyo haipo.

Kupoteza, utapoteza vitu viwili: salio na kifurushi ambavyo hukuvimaliza. Kwa hiyo hama siku ambayo laini ni tupu. Ukiwa na deni la salio la kukopa, lilipe. Hela ya akaunti ya simu itoe yote kwanza. Nilikuwa ninapokea simu za watu waliohama asubuhi wakakumbuka mchana kuwa mchango wa msiba uko kule nyuma, na hakuna sauti inayotia huruma kama ya mweka hazina wa msiba.

Shangazi, ni mimi wa ile barua ya mwezi wa tatu, niliyekatwa kwa miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia, ambayo sikuiomba. Nilifanya kama ulivyosema, nikadai namba ya malalamiko, nikakataa kuondoka dukani. Wamenirudishia shilingi 2,600. Lakini kutoka Chalinze mpaka Morogoro, kwenda na kurudi mara mbili, nauli imenitoka 18,000. Sasa nimeshinda au nimeshindwa?
*Baba wa watoto wanne, Chalinze*

Umenichekesha na umeniumiza, kaka. Nilisema upige 100 lakini sikusema usiende, kosa hilo ni langu.

Hebu fanya hivi. Andika barua, kwa namba ileile ya malalamiko, kwamba kosa wamelikiri kwa kukurudishia 2,600, na kwamba kulirekebisha kumekugharimu 18,000 kwa sababu kwenye simu walikwambia ufike dukani. Bandika tiketi zote nne. Nakala moja peleka TCRA. Katika miaka yangu minne ya hedifoni sikuona nauli ya mteja ikilipwa, wala sikuona mtu akiidai. Nataka kuona watakavyokujibu kwa maandishi. Barua yao ikifika niletee, nitaichapa hapa yote, na koma zake.